Mguu wa Mshua na Busta ya Chevelle

Mtu mwenye akili zake akikanyaga breki halafu asikie chini ya dashibodi kitu kinatoa ssss kama nyoka kakanyagwa mkia, anaogopa. Mimi nilicheka. Nilicheka peke yangu ndani ya gari hadi jirani yetu Bi Pelkey akazima mashine yake ya kukatia nyasi akawa ananikodolea macho.

Ngoja niwaeleze, la sivyo mtasema nimerukwa.

Gari yenyewe ni Chevelle ya mwaka sabini, bluu, ina mistari miwili myeupe juu ya boneti. Ni ya baba. Jina lake Len Wojtas, na huku kwetu karibu na Saginaw ukitaja Len watu wanakuuliza, "Len wa Chevelle?" Hawasemi Len wa kiwandani wala Len mume wa Darlene. Kila Ijumaa ya kiangazi wenye magari ya namna hiyo wanakusanyika kwenye uwanja wa kibanda cha soda, wanafungua maboneti, wanakaa kwenye viti vya kukunja nyuma ya magari yao na kudanganyana mpaka jua lizame. Mshua hakuwahi kukosa. Hata nilipozaliwa, mama anasema, ilikuwa Ijumaa, na alipotoka hospitali akapitia uwanjani "kutoa taarifa tu".

Januari akapata kiharusi. Kidogo, daktari alisema. Sijui kidogo ni kipi kama mtu mzima anakunywa supu inamshukia kidevuni. Mdomo ulirudi haraka, ila mguu wa kulia ukabaki nyuma kama mtoto anayeburutwa kanisani. Mpaka masika alikuwa anatembea bila fimbo, wakamruhusu kuendesha. Pikapu akaendesha vizuri tu.

Sasa, Chevelle hailetwi barabarani majira ya baridi. Wanamwaga chumvi kuyeyusha barafu, na chumvi inakula bati kama mchwa. Kwa hiyo ilikuwa imelala gereji. Na mshua akiwa hospitali, baba mdogo Gary akaingia mle gerejini akaifungua injini na kuweka kamshafti mpya, kali, ya mashindano. Zawadi. Kamshafti ndiyo inayofungua na kufunga milango ya kupumulia ya injini, na ukiweka ile kali, gari ikiwa imesimama inatoa mlio wa kuchechemea: bup-bup... bup. Bup-bup-bup... bup. Huku kwetu wanaume wanaupenda mlio huo kuliko kwaya. Mshua aliporudi nyumbani Gary akamwashia, na mshua akasimama pale mlangoni mwa gereji na fimbo yake, machozi yanamtoka, akasingizia moshi.

Mwezi wa tano, mvua ikishaosha barabara, akaitoa. Akaenda mzunguko mmoja wa mtaa, akarudi, akaingia uani kwetu. Hakusimama. Alipita mapipa ya taka, akapita baiskeli yangu, akaingia kwenye kichaka cha mama cha maua ya zambarau na kusimama humo humo katikati ya matawi. Hakuumia, na gari ilipata mikwaruzo tu. Alipotoka alikuwa mweupe kama unga.

"Kiatu kimeteleza," akasema.

Alikuwa amevaa vile viatu vya mazoezi vya hospitali. Vile ukitaka viteleze, uviombe.

Akaifunika gari turubai na hakuigusa tena. Ijumaa zikawa zinapita, mshua yuko jikoni anaangalia utabiri wa hali ya hewa kwenye televisheni kama mtu ana shamba. Akaacha kunyoa ndevu. Gary akawa anampitia, "We Len, twende, nitakubeba na gari yangu," naye anajibu mgongo unauma, mara tumbo, mara kuna kipindi anakisubiri. Gary akamtania, "Au mguu ni wa kuazima, mwenyewe kaja kuuchukua?" Watu wote wakacheka. Mshua alicheka kwa meno tu.

Halafu siku moja mama ananiambia, mikono iko kwenye maji ya vyombo, hajageuka: "Baba yako kampigia simu Stuckey."

Stuckey ni daktari wa meno mstaafu wa Midland. Kila Ijumaa alikuwa anazunguka Chevelle yetu kama paka anazunguka samaki. Alishaomba kuuziwa mpaka ikawa utani.

"Anakuja Jumamosi asubuhi kuichukua," mama akasema. "Anasema mguu wake umekwisha, Wes. Hawezi kusimamisha gari."

"Pikapu si anaiendesha?"

"Nilimwambia hivyo hivyo. Anasema breki za pikapu hata paka anakanyaga. Chevelle inataka mguu wa mwanaume."

Nisiwadanganye, gari niliililia kidogo. Ila kilichoniuma hasa si gari. Mimi nimemaliza shule mwezi wa sita, kukaa kunaniwasha, nataka kwenda mbali, hata Alaska, hata kuvua kaa. Nilikuwa najiona naaga mlangoni, mama analia, mshua ananipigia honi na ile Chevelle. Sasa nikajiona namuaga mzee aliyekaa jikoni anaangalia mvua za majimbo ya watu. Gari ikiondoka na Stuckey, mshua atakuwa amekubali kwa mkono wake mwenyewe kwamba kaisha. Na mtu akishakubali hivyo, humrudishi tena.

Alhamisi akaniambia niioshe. "Mtu anakuja kununua, asikute vumbi." Hakuniangalia. Nikavua turubai, nikawasha, bup-bup... bup, nikairudisha nyuma kutoka gereji. Nikakanyaga breki.

Pedali jiwe! Nikakanyaga kwa nguvu. Jiwe bado, gari inateremka taratibu kuelekea barabarani, ikabidi niinuke kwenye kiti nisimame juu ya pedali kama napanda ngazi. Ndipo ikasimama. Na chini ya dashibodi: ssssss.

Mguu wangu huu, jamani, ndio niliochezea timu ya shule miaka yote, ule mpira wetu wa kofia na vikumbo. Nilikuwa nasukuma majitu yenye uzito wa friji. Kama mguu huu umeshindwa, basi tatizo siyo mguu. Wa mtu yeyote. Ndiyo maana nilicheka.

Nikakimbia ndani na viatu vyenye tope.

"Baba! Siyo mguu wako, ni busta ya breki!"

Hakutoa macho kwenye televisheni. "Umemaliza kuosha?"

"Busta imepasuka. Nimeisikia inavuja. Hata mimi imenishinda!"

"Wes."

"Naam."

"Mama yako kakutuma?"

"Hapana! Njoo ukanyage mwenyewe."

"Nilishakanyaga," akasema. "Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, kijana. Kamalizie kuosha."

Hapo nikaona maneno hayana kazi. Nikampigia Gary.

Gary ni mnene, ana ndevu kama za mbuzi wa maonyesho, na hajawahi kuingia mahali kimyakimya. Lakini alipokaa kwenye kile kiti akanyamaza. Akiwa amezima injini akaipampu pedali mara kadhaa, akaikandamiza, akawasha. Busta ikiwa nzima, ukiwasha hivyo pedali inashuka kidogo chini ya mguu wako, kama mtu kakushika mkono. Hii haikushuka hata unywele.

"Marehemu," Gary akasema. "Tena kafa siku nyingi." Akakuna ndevu. "Nami nikamwambia mguu wa kuazima. Mdomo huu utaniponza siku moja."

"Utanisaidia?"

"Utaifunga wewe. Mimi na tumbo hili siingii chini ya dashibodi, labda mnikate vipande."

Duka la vipuri la mjini walikuwa nayo kwenye rafu. Huku kwetu busta ya Chevelle unaipata haraka kuliko daktari.

Ijumaa asubuhi nikaanza. Kwa asiyejua, busta ni kama sufuria kubwa jeusi la duara, limefungwa kwenye ukuta wa nyuma ya injini, mbele ya dereva. Ndani lina ngozi ya mpira. Injini inanyonya hewa iliyomo humo, na wewe ukikanyaga, hewa ya nje inaingia upande mmoja na kuisukuma ile ngozi, na ngozi inausukuma mkono wa breki pamoja na mguu wako. Yaani unakanyaga na mwenzako. Ngozi ikipasuka, unakanyaga peke yako, na Chevelle ile ni nzito kama ng'ombe wawili.

Masta silinda, ile yenye mafuta ya breki, imekaa mbele ya busta. Nikaifungua nati zake mbili, nikashika spana nianze na mabomba yake.

"Weee! Usiguse mabomba!"

Nikageuka. Mshua kasimama mlangoni mwa gereji na kikombe cha kahawa, ndevu zimemsimama.

"Ukifungua mabomba utaingiza hewa, kesho mpaka jioni mtakuwa mnatoa hewa," akasema. "Masta silinda isogeze tu mbele polepole. Mabomba yatapinda kidogo. Polepole nimesema! Hivyo unavunja kuni?"

"Si ulisema mguu ndio mbovu?" Gary akamwambia.

"Mguu ni mbovu. Hiyo haina maana niache mtoto aniharibie gari ya mtu."

Gari ya mtu. Nikauma ulimi, nikaingia kazini.

Kuingia chini ya dashibodi ya gari hiyo unageuka kichwa chini miguu juu. Mgongo kwenye sakafu, miguu imening'inia juu ya kiti, shingo imekunjwa na pedali. Kuna nati nne huko ndani, tatu za kistaarabu, na ya nne mtu aliyeiweka pale alikuwa na ugomvi na binadamu. Kutu ikaniangukia machoni. Mshua akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia.

"Unayo?"

"Sina."

"Tafuta kwa kidole, siyo kwa jicho. Iko nyuma ya waya."

"Hizi waya zote?"

"Ya kijani. Unayo?"

"Ninayo! Hapana. Hiyo ni sikio langu."

Gary akacheka mpaka akakohoa. Nilimsikia mshua naye kapumua puani, ile pumzi ya mtu anayezuia kucheka, ambayo sikuwa nimeisikia tangu Krismasi.

Ile nati ilipoachia na pini ya pedali ikatoka, Gary akaivuta busta ya zamani kwa upande wa injini. Wakaiweka juu ya meza wakaipasua kwa msumeno wa chuma, kwa udadisi tu. Ngozi ya mpira ilikuwa imechanika nusu duara, kingo zimekauka kama ganda la mkate. Mshua akaingiza vidole viwili kwenye ule mchaniko. Akavitoa. Akaviingiza tena. Na hakurudi jikoni.

Mpya ikaingia. Kabla ya kurudisha masta silinda, mshua akanituma kwa Bi Pelkey nikaombe udongo wa kuchezea wa wajukuu wake. Nikadhani kiharusi kimerudi. Kumbe unaweka kipande cha udongo kwenye ncha ya kijiti cha chuma ambacho busta inasukumia breki, unaibana masta silinda, unaifungua tena, unatazama udongo umebonyea kiasi gani. Kijiti kikiwa kirefu mno, breki zinabaki zimeshika, zinaungua njiani. Kikiwa kifupi, pedali inazama. Udongo wetu ulikuwa wa waridi. Tukafupisha kidogo, tukabana tena, mshua akautazama karibu na pua yake akasema, "Hapo."

Tukafunga. Gary akapampu, akakandamiza, akawasha. Bup-bup... bup. Pedali ikashuka.

"Imeshuka!" Gary akapiga kelele. "Imeshuka kama kijakazi anayepiga magoti! Len, njoo hapa!"

Mshua akaweka kikombe chini. Akaingia, akajiweka sawa, mguu wa kulia akaunyanyua kwa mkono na kuuweka juu ya pedali. Akakanyaga. Ikaenda laini, siagi. Nikaona mabega yake yanashuka. Akaachia, akakanyaga tena.

Uso ukabadilika.

Akakanyaga mara ya tatu. Mshipa wa shingo ukamtoka. Akazima injini, akashuka taratibu huku ameshika mlango.

"Mmejitahidi," akasema. "Asanteni. Ya kwanza nimeiweza. Ya pili mguu umegoma." Akaenda zake ndani, na mlango wa nyuma ukafungwa bila kishindo. Afadhali angeubamiza.

Mimi nilibaki nimeshika tambara. Nikamwangalia Gary, Gary akaangalia sakafu. Halafu nikaingia kwenye gari. Sikuwa na wazo lolote, nilikuwa na hasira tu. Nikawasha nikakanyaga. Laini. Nikaachia, nikakanyaga. Ngumu. Mara ya tatu, jiwe.

"Ba'mdogo. Hata mimi."

"Nini?"

"Ya kwanza nzuri, ya pili ngumu. Hata mimi! Busta inaishiwa!"

Gary alikuwa ameinamisha kichwa anasikiliza injini. Bup-bup-bup... bup. Uso wake ulianza kuwa mwekundu kutoka shingoni kwenda juu, kama kipimajoto. Akachukua saa ya kupimia mnyonyo wa injini, akachomeka mpira wake. Mshale ukapanda kidogo, ukakaa pale chini unatetemeka kama mlevi anayetafuta ufunguo.

Akakaa kwenye ile ndoo ya mshua.

"Ni kamshafti," akasema.

"Kamshafti gani?"

"Yangu. Ya zawadi. Gari ikiwa imesimama, injini hainyonyi hewa ya kutosha. Inatoa mlio, hainyonyi. Busta inatumia kile kidogo kilichomo, ukikanyaga ya pili imekauka." Akajipangusa uso na mkono wenye grisi, akawa kama kaingia vitani. "Wes, kila mtu anajua hilo. Kila mtu pale uwanjani anajua kamshafti kali inaiba breki. Mimi nimewaambia watu hivyo kwa mdomo wangu. Lakini ule mlio... Mtu unausikia, unapenda, huuulizi kitu."

Ni kweli. Sisi watu wa huku tukisikia gari inagonga, tunafungua boneti. Ikitoa mlio mtamu, hata kama ndiyo inayokuua, tunavuta kiti tukae.

"Kamwambie," nikasema.

"Mwambie wewe."

"Zawadi yako, ba'mdogo."

Jikoni mama alikuwa anakaanga samaki wa Ijumaa, mshua yuko mezani na televisheni. Gary akaingia akasimama katikati ya jiko, kofia mkononi, kama mtu kaleta habari za msiba.

"Len. Zima hiyo kitu."

"Naangalia."

"Nebraska kutanyesha. Zima."

Mshua akazima. Gary akamweleza. Alieleza vibaya, akaanzia mwishoni, akarudi mwanzo, akaapa, akaomba radhi kwa mama kwa kuapa. Nikaongezea: hata mimi, Baba, mara ya pili imenigomea, kama huamini mwite mama akanyage, mwite Bi Pelkey, mwite timu nzima ya shule.

Samaki walikuwa wanatatarika kikaangoni. Mshua alikuwa anamwangalia mdogo wake.

"Kwa hiyo," akasema polepole, "busta ilikuwa imepasuka."

"Ndiyo."

"Na ile kidogo iliyobaki, wewe ukaimalizia na kamshafti."

"Ndiyo, kaka."

"Mimi nimekaa hapa kiangazi kizima nafanya mazoezi na mpira wa mtoto chini ya meza. Namlaumu Mungu. Kumbe aliyenipooza mguu ni wewe."

Gary akaikunja kofia mikononi.

Mshua akaanza kucheka. Ilianzia tumboni, ikapanda, akapiga meza, chumvi ikaanguka. "Mpumbavu!" akasema. "Mpumbavu mwenye ndevu! Kanipooza! Kanipooza kwa zawadi!" Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na safari hii hakusingizia moshi. Mama akazima jiko, akajishika kiuno, akageukia ukutani. Nilidhani naye anacheka. Alikuwa analia, lakini kile kilio cha kutua mzigo. Mimi nikakaa palepale juu ya sanduku la viazi.

"Nitaitoa," Gary akasema. "Kesho hiyo hiyo naitoa kamshafti, narudisha ya zamani."

"Thubutu!" mshua akasema. "Ukiugusa mlio ule nakuzika kwenye kichaka cha Darlene. Tafuta pampu."

Yaani pampu ya umeme, inayonyonya hewa badala ya injini. Pale uwanjani mwenye pampu anachekwa, wanamuuliza kama gari yake ina friji. Gary mwenyewe ndiye kiongozi wa wachekaji. Akaondoka na mimi mbio mpaka kwenye yadi ya magari yaliyokufa kabla hawajafunga, samaki mkononi kwenye karatasi, tukatoa pampu kwenye gari moja ya Uswidi iliyogongwa ubavu. Gary aliibeba ndani ya shati, asije akaonwa na mtu anayemjua.

Jumamosi tulikuwa bado tunakaza waya wakati Stuckey anaingia uani. Kofia nyeupe, viatu safi, kaletwa na mtoto wa dada yake. Nilisahau kabisa kwamba alikuwa na haki ya kuja.

"Len! Vipi, mzee?"

"Nipo." Mshua alikuwa amenyoa. Alikuwa na karatasi ndogo ya choo shavuni, alipojikata. Walipeana mikono, na kwetu kupeana mkono ni ahadi, siyo mchezo: mshua alikuwa ameshakubali kwenye simu. Nikaona anatafuta maneno, hayapati. "Panda," akasema. "Wes, wewe nyuma."

Akawasha. Bup-bup... bup, na chini yake ile pampu: mmmmmm.

"Hiyo ni nini?" Stuckey akauliza.

"Friji," mshua akajibu.

Alijaribu pale pale uani kwanza. Ya kwanza laini. Ya pili laini. Ya tatu. Ya nne. Kila mara namwona kwenye kioo, anangoja jiwe, jiwe haliji. Tukatoka. Alikwenda taratibu mpaka mwisho wa mtaa, akakunja barabara ya mtoni, akaongeza mafuta kidogo, kisha akaongeza kwelikweli, na mgongo wangu ukabandikwa kwenye kiti. Stuckey akashika kofia yake. Upepo ulikuwa unaingia na harufu ya nyasi zilizokatwa.

Baada ya kona ya kiwanda cha sukari wakawa wako barabarani: mabata bukini, ukoo mzima, baba, mama, vifaranga, mashangazi, wanavuka kuelekea mtoni kwa mwendo wa watu wenye hati ya kiwanja.

"Len," Stuckey akasema. "Len!"

Mshua alikanyaga. Gari ikainama pua, matairi hayakulia hata, tukasimama kwa heshima. Bata wa mbele alikuwa mbali nasi kiasi cha chumba kizima. Akageuka akatuangalia, akatupuuza.

Mguu wa mshua ulikuwa unatetemeka. Niliuona, goti linacheza ndani ya suruali. Lakini ulikuwa pale pale juu ya pedali na gari ilikuwa imesimama. Aliutazama yeye mwenyewe, kwa muda, kama mtu anatazama mtoto wake amelala.

Stuckey akavua kofia, akaiweka magotini. "Hii gari haiuzwi tena, siyo?"

"Nilikupa neno langu," mshua akasema. "Ukinidai, ni yako."

Hapo moyo wangu ulisimama kuliko gari. Stuckey akaangalia bata, akaangalia dashibodi, akapitisha kidole juu yake mara moja.

"Mke wangu hajui kwamba niko hapa," akasema. "Tangu jana sijala. Nilikuwa natafuta namna ya kumwambia, sijaipata. Len, ukinirudishia neno lako, utakuwa umeniokoa kwenye talaka."

"Basi nakurudishia."

"Nimepokea." Akashusha pumzi ndefu, ikawa kama busta ile ya zamani. "Ila hiyo friji, Len. Ijumaa watakumaliza."

"Waache," mshua akasema. "Nitawaambia Gary ndiye aliyeiweka."

Nyuma yetu lori lilikuwa limesimama, dereva hakupiga honi. Vifaranga wa mwisho walikuwa bado katikati ya barabara, mmoja kakaa kabisa. Mshua hakuwa na haraka. Alikaa pale na mguu wake juu ya breki, anamsubiri, na angemsubiri mpaka jioni.